Kulaza Nyumba

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Hadithi hii mara ya kwanza niliisimulia kama kichekesho. Nilikuwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, nikawaambia waliokaa kwenye benchi: "Jamani, mnajua humu mjini kuna watu wazima, meno yote mdomoni, wanaacha shughuli zao wanakwenda kukaa mkekani kusikiliza friji?" Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi ndiyo kwanza napamba moto. Kumbe kinyozi mwenyewe alikuwa mmoja wao. Akazima mashine. Akanitazama kupitia kwenye kioo, akasema, "Wewe hukuwepo." Basi. Akamalizia kichwa changu bila neno lingine.

Kwa hiyo leo naisimulia kama ilivyokuwa. Mkinikuta natania njiani mnisamehe, ni mazoea tu. Wengine wakiogopa hupiga mluzi.

Mwenye hadithi ni mshonaji. Kakaa juu ya cherehani ya umeme tangu ujana, kutwa ngrrr, ngrrr, mpaka akawa anaongea na watu kwa kupayuka hata akiwa nao sebuleni. Binti yake akaanza kulalamika. "Mama, wewe unanijibu kabla sijamaliza kuuliza. Unasikia, ila husikilizi." Maneno ya mtoto yakamchoma. Jirani yake muuguzi, mtu wa zamu ndefu na maneno machache, akamwambia, "Njoo Jumamosi nikupeleke mahali. Usiulize ni nini, maana nikikueleza hutakuja."

Mahali penyewe palikuwa jengo la zamani lililowahi kuwa kiwanda cha kuchapa vitabu. Mashine ziliondolewa, ikabaki harufu ya wino na ukumbi mmoja mkubwa ghorofani. Kwenye kona ya ukumbi bomba nene la chuma lilitoka sakafuni na kupotelea darini. Lilianzia chini kabisa ya jengo na kuishia kwenye tangi la juu ya paa. Likumbukeni hilo bomba.

Aliyekuwa akiwafundisha waliokusanyika humo ni mwanamke mrefu mwenye mvi, wote wakimwita Mwalimu. Enzi zake alipiga fidla kwenye bendi ya harusini, hadi siku moja akaiweka chini katikati ya wimbo, bibi harusi akiwa bado anacheza, akatoka. "Nilichoka na nyimbo," alisema. "Nikataka sauti." Tangu hapo muziki wake ukawa wa sufuria, minyororo, feni bovu, kitana kinachokwaruzwa karibu na maiki. Kikundi chake kiliwahi kufanya onyesho mbele ya watu. Nusu ya watazamaji waliondoka, na nusu iliyobaki ilikutwa imelala. Kinyozi, ambaye ndiye mtani wa kikundi, alisema hayo ni mafanikio makubwa, maana kwake dukani hakuna anayelala.

Lakini mshonaji alipoonja hakuacha tena. Mara ya kwanza kufumba macho pale mkekani alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia: pumzi yake mwenyewe. Akalia machozi, hakujua ni ya nini. Mwalimu akamwekea mkono begani, akasema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mama. Karibu."

Mambo yao yalikwenda kwa utaratibu. Kwanza kabisa, kulaza nyumba. Kila Jumamosi mmoja wao alizunguka jengo zima akinyamazisha kila kinachovuma: friji anachomoa, feni anazima, saa ya ukutani anatoa betri, dirisha linalogongagonga anabana karatasi. Na sharti lake, anayelaza nyumba hasemi neno, wala haiti mtu, mpaka arudi kukaa. Kisha kupokea: wote wanafumba macho na kuziacha sauti ziingie. Haifumbuliwi jicho mpaka kengele ya mwisho ilie. Kisha kurudisha, macho bado yamefumbwa: ulichokisikia unakirudisha kwa chombo chako, kinyozi kwa mkasi na kitana, muuguzi kwa bakuli la bati, kila mtu na chake. Halafu chai. Halafu Mwalimu anafungulia spika, wanasikiliza yale yaliyonaswa na vile vimaiki vidogo alivyovibandika kwenye kuta, sakafu na lile bomba.

Sasa mume wa mshonaji. Huyu alikuwa fundi bomba, mjini wote wakimwita Koki, mtu wa utani kutoka utosini hadi kwenye nyayo. Mkewe alimwita baba watoto, yeye akamwita mkewe bi mkubwa, ingawa hajawahi kuwa na bi mdogo. Walipooana hawakuwa na kitu, basi mke ndiye alikuwa msaidizi wa kazi. Mume yuko juu ya paa au kajichimbia chini ya sakafu, mke yuko kwenye koki, na baina yao bomba tu. Wakazoea kuongea kwa spana. Kugonga mara moja, fungua. Mara mbili, funga. Mara tatu, njoo upesi. Na ukisikia unarudisha ileile. Usiporudisha, mwenzako anajua hujasikia, anaendelea kugonga. Ukirudisha, ananyamaza na kungoja. Ujuzi huo haukuwatoka hata nywele zilipoanza kubadilika rangi. Mpaka siku hizo Koki akikaa bafuni akakuta sabuni imekwisha, hagombi. Anagonga bomba mara tatu.

Msimamizi wa lile jengo alikuwa akimwita Koki mara kwa mara, maana mabomba yake yalikuwa na umri wa babu zetu. Na wiki moja kabla ya Jumamosi nitakayoisema, Koki akiwa na kibarua humohumo, kikundi kikiwa katikati ya kupokea, macho yote yamefumbwa, bomba likalia: ngo, ngo, ngo.

Mshonaji akaruka kama kaketi juu ya pini. "Huyo mume wangu!"

Ukumbi mzima ukapasuka kicheko. "Shemeji kaleta salamu!" kinyozi akadakia. "Mwambieni tumezipokea!"

Akashuka ngazi mbio, roho mkononi, akamkuta Koki kakaa kwenye ngazi ya chini anamenya ndizi.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kujua kama kweli mnasikiliza."

Kurudi ukumbini, uso unamwaka. Mwalimu hakumfokea, ingekuwa afadhali angemfokea. Alimwambia kwa upole kabisa, "Mama, hapa sauti haina mume. Ipokee kwanza. Usikimbilie kuiuliza jina lake wala ilikotoka." Na kila mtu akaitikia kwa kichwa. Aibu hiyo aliibeba mpaka nyumbani, akaiweka mezani pamoja na chakula.

"Umenidhalilisha mbele za watu!"

"Mimi? Mimi nimechangia muziki," alisema Koki. "Na wiki ijayo nina kazi paani palepale. Nitawapigia ngoma mpaka ipasuke."

"Ukithubutu utajipikia mwezi mzima. Nakuapia, ukigonga sinyanyuki. Ugonge mpaka kesho yake."

"Haya, bi mkubwa. Tutaona nani ataanza kucheka."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wenyewe walitoka hapo wakaenda kulala wanacheka.

Jumamosi ikafika. Mshonaji alipanda ngazi, na pale ukutani kwenye korido ya juu, chini ya ngazi ya chuma inayokwenda paani, akaziona kandambili za mume wake zimepangwa. Koki akipanda kokote huvua viatu. Akatabasamu peke yake. "Yuko juu, mshenzi. Leo atagonga mpaka achoke."

Tuelezane hapa sisi kwa sisi, maana yeye hakulijua hili. Koki alikuwa kishamaliza ya paani zamani. Msimamizi alikuwa kamwita, "Fundi, kabla hujaondoka nitazamie vali ya kule chini, inavuja," na Koki akashuka hivyohivyo miguu mitupu. Msimamizi akafunga mlango wa paani kwa kufuli, akatia funguo mfukoni, akaenda zake kumjulia hali mgonjwa mtaa wa pili. Kule chini, chini ya usawa wa barabara, kulikuwa na chumba kidogo cha bomba, kirefu na chembamba, dari unaigusa kwa kiganja. Mlango wake wa chuma ulifunguka kwa kusukumwa kuelekea ndani, na kitasa cha upande wa ndani kilikuwa kimeng'oka siku nyingi. Koki mwenyewe aliahidi kukitengeneza, akawa kila akiingia anauzuia mlango kwa tofali. Mganga hajigangi. Siku hiyo aliweka tofali lake, akachomeka pampu ndogo ya kutolea maji kwenye swichi ya nje pamoja na taa yake, akaingia, akaifungua ile vali iliyooza. Maji ya mtaani yakawa yanaingia kwa nguvu, pampu inayatoa, na yeye kazama kwenye kona ya mwisho, kichwa nyuma ya bomba, anapambana na nati iliyoshikana na kutu.

Ghorofani Mwalimu akauliza, "Nani analaza nyumba leo?"

"Mimi," akasema mshonaji. Ilikuwa zamu yake, na alikuwa na deni la aibu la kulifuta. Leo ataulaza huo mji wote, si nyumba tu.

Akaanza. Friji, kimya. Feni, kimya. Saa, kimya. Bomba la chooni linadondosha tone, akalifunga kwa kitambaa. Akasimama katikati ya ukumbi wa chini kama paka, anasikiliza kwa masikio mapya aliyopewa na Mwalimu. Na kweli, kulikuwa na kitu kimebaki. Mvumo mdogo, mnono, unakuja kwenye nyayo kabla ya kufika masikioni. Hakuna mwingine katika kikundi aliyewahi kushuka mpaka huko. Yeye akashuka.

Akakuta waya umechomekwa ukutani unaingia gizani kupitia mlango wa chuma. Akaona tofali. Taa ilikuwa inawaka huko ndani, hafifu, na sauti ya maji. Alifungua mdomo aulize kama kuna mtu. Akaufumba. Anayelaza nyumba hasemi.

Akachomoa waya. Pampu ikakohoa mara moja ikanyamaza, taa ikazimika. Akalisogeza tofali kwa mguu, akauvuta mlango. Ulikuwa mzito, ukamponyoka, ukajifunga kwa kishindo kilichomtetemesha meno. Akajiona kaharibu kimya kwa mikono yake, akapanda ngazi mbiombio kwa ncha za vidole.

Kile kikohozi baadaye alikifikiria sana. Pampu hukohoa, ndiyo. Lakini pampu haikohoi kama mtu anayetaka kusema "We!"

Akakaa mahali pake, safari hii karibu kabisa na bomba. Mwalimu akamtazama, akainamisha kichwa: kazi nzuri. Hajawahi kuisikia nyumba ile imelala usingizi wa namna hiyo. Wakafumba macho.

Kwanza pumzi. Kisha matumbo, maana kinyozi alikuwa hajala. Kisha mbali sana pikipiki, na mtoto anaitwa. Kisha vyote hivyo vikazama, kikabaki kimya kile kinachokaa masikioni kama pamba.

Ngo, ngo, ngo.

Mshonaji hakutikisika. Alijing'ata shavu kwa ndani asicheke. Kwa upande wake alihisi kinyozi anatetemeka kwa kicheko kilichobanwa. Ngo, ngo, ngo. Gonga, baba watoto. Gonga, sina mume hapa.

Ngo, ngo.

Mbili. Funga. Hee, leo kaleta wimbo wenye beti. Tatu, halafu mbili. Njoo, funga. Njoo, funga. Akapokea kama alivyofundishwa, bila kuuliza jina wala ilikotoka. Na bomba, kama mjuavyo, halisemi. Ukigonga chini linalia, ukigonga juu linalia, aliyeko katikati hawezi kujua. Yeye aliziona kandambili, na kandambili zilisema juu.

Mwalimu akagusa bakuli lake taratibu, ndiyo ishara ya kurudisha. Na hapo mshonaji akapata wazo la kumkomesha mumewe. Si anataka muziki? Akashika mkasi wake wa kukatia vitambaa, macho yamefumbwa, akagonga bomba kwa mpini: tatu. Kisha mbili.

Bomba likanyamaza papo hapo.

Akafurahi. Kamweza! Akamwona moyoni kule paani kashika kiuno, kachanganyikiwa, utani wake umerudishwa na riba. Muuguzi naye akapokea kwa bakuli la bati: tatu, mbili. Kinyozi kwa kitana. Mwalimu akaingiza mnyororo chini yake, polepole, kama mtu anayeburuta kitu kizito. Ukumbi mzima ukawa unasema njoo, funga, njoo, funga, na ulikuwa muziki mzuri, wote waliokuwepo wanakiri mpaka leo, na ndiyo maana hawapendi kuuzungumzia.

Kisha bomba likaanza tena, safari hii bila hesabu. Kogokogokogo, likakatika, kogokogo. Kitana cha kinyozi kikajaribu kulifuata kikashindwa.

Hapo ndipo kitu baridi kilipomshika mshonaji nyuma ya shingo. Koki hagongi hovyo. Akiwa anatania, akiwa na hasira, hata akiwa amekunywa, Koki hagongi hovyo. Akafumbua jicho moja, na kulifumbua tu aliliona kosa: wote wamefumba, nyuso zimelegea kwa raha kama za watoto waliolala, isipokuwa Mwalimu, ambaye alikuwa akimtazama yeye. Mwalimu akatabasamu. Akaweka kidole mdomoni.

Anyanyuke? Wiki iliyopita alinyanyuka. Alikutana na ndizi. Akaisikia ile "Shemeji kaleta salamu!" kabla haijasemwa. Akajiambia, mwanamke wewe, hiyo ndiyo ngoma ya kupasuka aliyokuahidi. Akalifumba jicho. Lakini kifuani moyo ulikuwa unagonga kivyake, na hakuweza kuurudisha.

Mwisho ikaja moja. Ngo. Peke yake, dhaifu, kama mtu kagonga kwa kiganja.

Moja ni fungua. Fungua nini? Hakuna aliyeirudisha, maana wengi hawakuisikia. Kengele ikalia.

"Oooh!" kinyozi akajinyoosha. "Huyu shemeji tumwandikishe. Anapiga kuliko sisi wote."

"Leo mmenifikisha," alisema Mwalimu, na macho yake yalikuwa na maji. "Mama, umeona? Hukuiuliza jina. Umeona ilivyokaa?"

Wakamimina chai. Watu wakaongea wote kwa pamoja, kama wanafunzi waliotolewa darasani. Muuguzi akampa kikombe, akamtazama mara mbili. "Mbona huketi?"

"Nakuja," akasema mshonaji. "Ngoja nikamwite yule chizi ashuke anywe chai."

Akatoka kwenye korido akasimama chini ya ngazi ya paani. "Baba watoto! Haya, umeshinda. Shuka!" Kimya. Kandambili zilikuwa palepale, kisigino cha kulia kimelika kama kawaida. "Shuka bwana, chai inapoa!" Akainua uso.

Mlango wa paani ulikuwa na kufuli. Kwa upande wa huku.

Alisimama akiitazama ile kufuli kama mtu anayesoma maandishi ya lugha ngeni. Kufuli ikiwa upande wa huku, huko juu hakuna mtu. Huko juu kama hakuna mtu, aliyekuwa akigonga yuko wapi? Na nyuma yake, ukumbini, Mwalimu akafungulia spika.

Kwanza zikaja pumzi zao wenyewe, zimekuzwa, kama kundi la ng'ombe waliolala. Kisha ngo, ngo, ngo, safari hii kubwa, ukuta unaitikia. Watu wakaguna kwa raha. Lakini kimaiki cha bombani kilikuwa kimenasa zaidi ya walichosikia masikio yao, na chini ya ile ngo kulikuwa na sauti nyingine inakwenda bila kupumzika.

Maji.

Hapa siwezi kueleza vizuri ila kwa mwanamke au mwanamume yeyote aliyewahi kukinga ndoo. Ndoo tupu ikianza kujaa inalia nzito, kwa kifua. Inavyopanda, sauti inapanda nayo, inakuwa nyembamba, nyembamba, mpaka inafika pale ambapo hata ukiwa chumba kingine, unapika, unaongea na simu, mguu wako unakwenda wenyewe kufunga koki, kwa sababu sikio limekwambia imebaki nafasi ya vidole viwili. Kila asubuhi ya maisha yake mshonaji aliisikia sauti hiyo. Akaisikia sasa, kwenye spika, inapanda. Kwenye ile tatu ya kwanza ilikuwa nzito. Kwenye mbili ikawa imeinuka. Kisha ukaja mkasi wake mwenyewe, wazi, wa furaha: tatu, mbili. Na baada ya mkasi, karibu kabisa na chuma, kama mtu aliyeweka mdomo kwenye bomba, sauti ya mtu aliyetulia.

"Haya, bi mkubwa. Nakungoja."

Kikombe kilianguka, hakumbuki cha nani. Yeye alikuwa kishafika katikati ya ngazi. Mfano wa ndoto mbaya huo, ngazi hazipungui, mguu unakanyaga hewa. Nyuma yake spika iliendelea kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuizima, ile kogokogokogo ikawa inamfukuza ghorofa hadi ghorofa, na maji yanakuwa membamba, membamba.

Chini kabisa maji yalikuwa yanatoka kwa uzi chini ya mlango wa chuma. Mazuri tu, safi, yanapita juu ya tofali alilolisogeza kwa mguu wake.

Akausukuma. Ilikuwa kama kuusukuma mlima. Maji yote ya kule ndani yalikuwa yameegemea kwa upande wa pili. Kinyozi akafika, akatia bega, akateleza, akatia tena. Muuguzi akatia mgongo. "Moja, mbili, tatu! Moja, mbili, tatu!" Hata upenyo wa karatasi haukutokea. Mtu akauchomeka waya wa pampu ukutani. Swichi ikatoa cheche, taa za ngazi zote zikazimika, wakabaki na mwanga wa simu za watu.

"Koki ya mtaani iko wapi?" Mwalimu alipiga kelele, na hawajawahi kumsikia akipiga kelele. "Iko wapi?"

"Nje, chini ya mfuniko! Funguo anazo msimamizi!"

"Yuko wapi msimamizi?"

Hakuna aliyejua. Mwalimu akapanda ngazi mbio na mvi zake, wakasikia nyayo zake barabarani, wakamsikia anaita watu wasiomjua. Muuguzi akawa anasema, mfululizo, kwa ile sauti yao ya wodini, "Huwa pana hewa juu, karibu na dari. Huwa inabaki. Mtu akiinua uso anapumua. Huwa inabaki."

Mshonaji hakusukuma tena. Alikuwa kaliona bomba. Lilitokeza ukutani pembeni ya mlango kabla ya kupanda juu, nene, baridi, linatoa jasho. Mkasi bado alikuwa nao mkononi, kaushika muda wote bila kujua.

"Nyamazeni," alisema.

Kinyozi alikuwa bado anahesabu moja, mbili, tatu.

"Nimesema nyamazeni!"

Wakanyamaza. Kinyozi akabaki na bega mlangoni, mdomo wazi. Muuguzi akazuia pumzi. Juu kabisa spika ikawa imekufa pamoja na umeme. Hakuna friji, hakuna feni, hakuna saa. Kile kimya ambacho Mwalimu alikitafuta tangu siku aliyoiweka fidla chini ndicho hicho kilichoshuka pale kwenye ngazi, na hakuwepo kukisikia.

Mshonaji akagonga. Tatu.

Akalaza sikio kwenye chuma. Baridi ikamwingia mpaka kwenye jino. Akasikia maji, hayakuwa tena na sauti nyembamba wala nzito, yalikuwa yanapita tu. Akasikia mkasi unatetemeka dhidi ya bomba kwa sababu ya mkono wake, akauondoa. Akasikia damu yake. Akangoja kama alivyokuwa akingoja enzi zile kwenye koki za watu, msichana wa juzijuzi kuolewa, mume yuko paani, na akikosea tu atalowanisha nyumba ya mwenyewe.

Akagonga tena. Tatu. Akasikiliza.

Kisha akaweka mdomo karibu kabisa na chuma, na hakupayuka kama kawaida yake. Aliongea chini, kama mtu anayemwamsha mwenzake alfajiri bila kutaka kuwaamsha watoto.

"Baba watoto, nimesikia. Niko hapa mlangoni, nimekuja. Gonga basi. Gonga hata moja."